Kununua ngalawa ya kwanza Tanga: ipime kwa safari ya kurudi

Ngalawa nyingi za Tanga huuzwa asubuhi. Umande, ule upepo wa asubuhi, unavuma taratibu kutoka bara, bahari imelala, muuzaji anakuzungusha hadi karibu na kisiwa cha Toten na kukurudisha ukiwa mkavu, na kabla jua halijawa kali mmeshapatana bei. Saa tisa alasiri, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikichachamaa na mawimbi yakianza kuvunjika nje ya kisiwa cha Ulenge, ngalawa ileile inakuwa chombo kingine kabisa. Inasukumwa kwa ubavu, inaingiza maji kwenye kiungo ambacho asubuhi kilikuwa kikavu, na usukani unakuwa mzito hata mikono miwili haiumudu. Ngalawa hiyo ya alasiri mnunuzi mpya huwa hajaiona. Fedha yake imekwenda kwa ile ya asubuhi.

Maelezo haya ni kwa anayetaka chombo cha tanga cha kwanza kwa ajili ya matembezi: kwenda visiwani na watoto, kuvua mshipi, kulala mchangani usiku mmoja. Biashara ya samaki na ya watalii ina mambo yake. Yaliyomo humu yameshalipiwa kwa mafundi, na baadhi yameshalipiwa mara mbili, kwa hiyo hayana haja ya kulipiwa tena.

Swali la kwanza ni chombo gani. Ngalawa ni gogo lililochongwa, likapitishiwa mirengu miwili, yaani miti ya kukingama, na mwishoni mwa mirengu kila upande pakafungwa ndubi, ubao wa kuelea. Tanga ni moja, la pembe tatu, kwenye foromali, mti unaolishikilia. Yenye urefu wa mita 5 hadi 7 inatosha watu watatu au wanne na mizigo yao, haihitaji kina kirefu, na watu wanne wanaipandisha pwani kwa magogo ya kuviringisha. Mashua ni ya mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma, mbavu za chombo. Inabeba zaidi na inapendeza zaidi, lakini kila mshono kati ya ubao na ubao ni mlango wa maji unaotaka kalafati, pamba ya kuziba, na kuipandisha pwani ni kazi ya kuita kijiji. Cha tatu ni boti ndogo ya faiba iliyokwisha kutumika, ambayo huonekana mara mojamoja mgeni anapohama. Hiyo inapanda upepo, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka, vizuri kuliko zote mbili kwa sababu ina ubao wa kushusha chini katikati. Shida inaanza kapi la kamba likipasuka au tanga likichanika, maana vifaa vyake haviko dukani Tanga, na utajikuta unasubiri mtu anayesafiri kutoka nje.

Kwa anayeanza, ngalawa. Ikiharibika, fundi yuko diko lilelile, pale pwani vyombo vinapopandishwa, na kifaa cha kuitengenezea kinaota msituni au kinauzwa duka la vifaa vya ujenzi. Wauzaji watakushawishi uchukue kubwa zaidi, wakikuambia utakuja kuitaka. Jibu ni kuwauliza nani atakuja kuivuta saa kumi na mbili jioni maji yakiwa yamepwa.

Vyombo vya kuuza havitangazwi. Vinaulizwa. Kwenye madiko ya Deep Sea, Sahare, Mwambani, Kigombe, na kaskazini huko Moa, mtu wa kuanzia ni kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, au fundi wa vyombo, na si kijana wa kwanza anayekufuata mchangani. Ngalawa nyingi nzuri zinauzwa na wavuvi waliohamia boti za mashine, au na warithi ambao hakuna kati yao anayekwenda baharini. Za warithi huwa na bei nzuri na karatasi mbaya, nitazirudia. Kuagiza mpya kunawezekana pia, ila gogo bichi la mwembe likichongwa na kutiwa majini haraka hupasuka likianikwa, na nyufa zake zitakufuata maisha ya chombo chote. Muulize fundi gogo limekatwa lini, lilikaa wapi, na kibali cha kukata kiko wapi, maana magogo na miti ya mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Siku ya kukagua iamue mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani hii hupwa sana karibu saa nne asubuhi. Ngalawa inabaki imekaa mchangani yote, na una muda wa kuizunguka kuanzia saa tatu hadi saa tano bila mtu kukuharakisha. Ukienda siku za maji mafu, yasiyopwa sana, utaonyeshwa chombo kinachoelea, na kinachoelea huonyesha nusu ya juu tu. Nusu inayogharimu ni ya chini.

Nenda na fundi asiye ndugu wa muuzaji, na mlipe posho ya siku hiyo ununue usinunue. Fundi anayelipwa biashara ikikamilika ataona uzuri kila mahali. Beba kisu chenye ncha, nyundo ndogo, tochi na ndoo mbili.

Anzeni chini kabisa, kwenye tumbo la gogo, mkichomachoma kwa ncha ya kisu kila kiganja kimoja. Mti mzima unakataa kisu; uliooza unakipokea kwa ulaini, na wakati mwingine unatoa maji. Gonga kwa nyundo: panapolia kwa ukali ni pazima, panapolia kwa kuzizima pana uwazi ndani. Uwazi huo mara nyingi ni kazi ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Tundu lao la kuingilia ni dogo kama ncha ya pini, lakini ndani wamechimba njia pana za kupita kidole, na rangi mpya inaziba tundu lote. Rangi mbichi chini ya mstari wa maji, kwenye chombo kinachouzwa wiki hiyohiyo, ni sababu ya kukwangua, tena mbele ya muuzaji.

Halafu tazameni misumari. Msumari wa chuma kitupu unaota kutu, kutu inaozesha mti uliouzunguka, na doa la kahawia linateremka kwenye rangi. Doa moja si neno. Madoa yaliyopangana mstari yanakuambia ubao mzima wa juu, ule uliopigiliwa kwenye kingo za gogo, umeshikiliwa na kutu. Misumari ya kubadilishia iwe iliyopakwa zinki. Viraka vya bati ving'olewe angalau kimoja, uone kilichofichwa: ufa ulionyooka unazibika, ila ufa unaokwenda na nyuzi za mti kutoka omo, yaani pua ya chombo, hadi katikati utaendelea kukua.

Sasa lile jaribio ambalo wauzaji hawalipendi. Zibeni tundu la chini la kutolea maji kwa nguruzi, kizibo chake, kisha jazeni maji ya bahari ndani ya ngalawa kwa ndoo, kiasi cha kufika goti. Subirini robo saa. Maji yanayotoka nje yanakuonyesha kila tundu kwa mahali pake, jambo ambalo huwezi kuliona ukiwa ndani unafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Hapo ndipo utasikia, "Hiyo haivuji, inatoa jasho tu." Huenda anasema kweli. Chombo kilichokaa juani muda mrefu hukauka na viungo vyake kuachana, na kikikaa majini siku mbili tatu mbao huvimba na kujifunga zenyewe. Jasho la namna hiyo ni unyevu kwenye urefu wote wa mshono. Tone linalodondoka mahali pamoja bila kukoma ni tundu.

Mirengu ikaguliwe pale inapokaa juu ya kingo za gogo, chini ya kamba. Maji ya mvua hutuama hapo, na maji ya mvua huozesha mti haraka kuliko ya chumvi. Ndiyo sababu chombo kinachooza huanzia juu: kwenye vifungo vya mirengu, kwenye kitako cha mlingoti, na kwenye pembe za omo. Fungueni kamba ya mrengu mmoja mtazame. Ndubi nazo si mbao za kuelea tu. Zimekatwa zikawekwa kwa mshazari ili zikate maji na kupunguza chombo kuteleza upande, kwa hiyo ndubi mbili zenye mshazari tofauti zitakupa ngalawa inayokwenda vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

Tanga linyanyuliwe lipigwe na jua. Nukta za mwanga kwenye mshono ni uzi uliochakaa, na uzi unashonwa upya kwa gharama ndogo. Kitambaa chenyewe kishike kwa vidole gumba viwili, ukivute. Kikitoa mlio wa karatasi na kuacha mistari myeupe, jua limekimaliza. Matanga ya turubai la plastiki ni rahisi na ni mepesi, lakini hayadumu juani na tumbo lake hutanuka mpaka tanga linakuwa mfuko. Mfuko unakwenda vizuri upepo ukiwa nyuma. Kupanda upepo hauwezi, na kupanda upepo ndiyo safari ya kurudi.

Hapa ndipo penye kiini cha ununuzi wote. Chombo chenye tanga la pembe tatu hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Kinapiga bisha, kushoto kisha kulia. Ngalawa nzuri yenye tanga zima, ukiipata inakwenda digrii 60 kutoka kwenye upepo, shukuru. Kwa pembe hiyo hesabu ni nyepesi: kila kilomita 10 za kuelekea nyumbani unazitembea 20. Kwa mwendo wa noti 4, kama kilomita 7.4 kwa saa, hizo ni saa mbili na dakika arobaini, kabla hujatoa kinachopotea kwenye kila kugeuza na kwenye kuteleza upande. Ngalawa mbovu, inayokwenda digrii 75, itazitembea karibu 40. Huko ni kulala nje, na hakuna rangi itakayolibadilisha hilo.

Kwa hiyo safari ya majaribio iwe alasiri, na iwe msimu wa kusi ikiwezekana, yaani Juni hadi Septemba. Muuzaji akikwambia njoo alfajiri, mjibu kwa adabu kwamba unafanya kazi asubuhi. Mwombe akutoe hadi mdomo wa ghuba kisha aelekeze omo upande wa Mwambani, kusi ikiwa mbele. Chagua alama mbili pwani, mnara na mti mrefu kwa mfano, zilizonyooka pamoja, uone kama chombo kinazipita au kinarudishwa nyuma yake. Mwombe aachie demani, kamba ya kushikia tanga, ghafla: ngalawa iliyosawazishwa itageuza omo kuelekea upepo na kutulia, na iliyo na kasoro itaendelea kukimbia. Mwombe atue tanga bila kukuonya wewe wala baharia wake. Foromali lishuke kwa mkupuo. Likikwama, tatizo mara nyingi ni tundu au kapi la juu ya mlingoti linalopitisha henza, kamba ya kutwekea tanga, na kukwama huko siku ya dhoruba ndiko kunakopindua vyombo. Muda wote huo hesabu upo (chombo cha kufulia maji) ngapi za maji zinafuliwa.

Bei. Sitaji bei ya soko maana inabadilika kwa diko, kwa mti na kwa msimu, ila naweza kutaja mgawo. Chukulia ngalawa inauzwa milioni 2. Mwenye milioni 2 tu mfukoni hajafika bei. Atenge nusu nyingine ya hiyo, milioni moja, kwa tanga jipya au la kushonesha upya, kamba zote, kalafati na fundi wake, misumari, nanga, majaketi ya kuokolea, rangi, karatasi, na mlinzi wa diko kwa mwaka wa kwanza. Orodha hiyo hakuna anayeiamini siku ya kununua. Hamu ya chombo inapofusha, na anayekwenda na mke wake au mume wake aliyebaki na akili timamu hupata bei nzuri kuliko anayekwenda na rafiki aliyechanganyikiwa kama yeye.

Punguzeni bei kwa yaliyoonekana kwenye ukaguzi, moja baada ya jingine, mbele ya fundi. Kisha andikisheni. Hati ya mauziano iwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote mbili, urefu wa chombo, aina ya mti, namba iliyopakwa ubavuni, na vifaa vyote kwa majina yake: tanga, foromali, mlingoti, usukani, nanga na kamba yake, makafi. Usukani ambao haukuandikwa una tabia ya kubaki nyumbani kwa muuzaji. Mashahidi wawe mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kiongozi wa BMU, ambaye ndiye anayejua kama chombo kina faini au deni la nyavu nyuma yake. Chombo cha marehemu kitiwe saini na warithi wote, hata yule aliyeko Dar es Salaam ambaye wenzake wanasema hana neno. Huyo ndiye atakayerudi mwakani na neno. Toa nusu ya fedha siku ya saini, na nusu siku unayokiondoa chombo dikoni.

Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo viko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa hiyo pita ofisini kwao kabla ya kulipa, ukiwa na hati na picha za chombo, ueleze kwamba matumizi ni matembezi. Ukitaka kuvua, hata kwa mshipi, muone afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni. Leseni ya mwenye chombo wa zamani si yako.

Kuhusu kununua kwa ubia: watu wawili wanaofahamiana, sawa, mkiandikiana nani analipa nini na nani anakwenda lini. Zaidi ya hapo, nahodha wengi chombo huenda mrama, na mrama wenyewe huanzia kwenye gharama ya kalafati ya kwanza.

Chombo kikishakuwa chako, usiende nacho popote kwanza. Kipandishe, kikauke, kikwanguliwe, fundi atie kalafati upya. Kalafati ya pwani hii ni nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya samaki, zinasukumwa kwenye mshono kwa patasi butu na nyundo. Simama uangalie: pamba ikae imara bila kupigwa kwa nguvu mpaka mshono ukatanuka, kosa la fundi mwenye haraka. Nje, chini ya mstari wa maji, hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Ni rahisi, inanuka, na wadudu hawaipendi. Kamba za mirengu fungeni upya zote hata zikionekana nzima. Katani, pamoja na kuwa ndiyo iliyolijenga jina la Tanga, haifai hapa, chumvi inaimaliza mapema. Usumba wa nazi unaivumilia chumvi. Nailoni haiozi lakini inalegea ikilowa, kwa hiyo mfungo wa nailoni ukazwe tena baada ya safari ya kwanza, kisha ukazwe tena.

Vifaa vya kubaki chomboni siku zote ni jaketi kwa kila mtu, linalomtosha mtoto likiwa la mtoto, upo mbili, moja imefungwa kamba, makafi mawili, pondo (mti wa kusukumia chombo), nanga yenye kamba ya urefu mara tano ya kina unachotia nanga, filimbi, tochi, kioo kidogo cha kumulikia jua, kisu kikali mahali unapoweza kukifikia kwa mkono mmoja, na maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu hata mkienda saa mbili tu. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Pwani abaki mtu anayejua mmekwenda wapi na saa ngapi aanze kuuliza.

Kujifunza kwenyewe kunahitaji mzee wa kulipwa. Watu wazima wanaona haya kufundishwa, na haya hiyo imelowesha wengi. Mara ya kwanza ndubi ya upande wa demani, upande upepo unakoelekea, inapozama yote na maji kupita juu yake, mwili wote unataka kung'ang'ania kitu, na kitu kilicho mkononi ni demani. Ndipo mzee anaposema: "Mwanangu, legeza kwanza, uogope baadaye." Demani haifungwi fundo, hata upepo ukiwa mtulivu, hata ukitaka kula chungwa. Inazungushwa mara moja kwenye kigingi na kushikwa kwa mkono, ili dhoruba ikipiga iachiwe kwa kufungua vidole. Chombo kikielemea, mtu mmoja anatoka nje juu ya mrengu wa upande wa joshi, upande upepo unakotoka, kuweka uzito. Ngalawa hupinduka kwa shida, lakini ndubi ikizamishwa kwa mwendo mkali mrengu huvunjika, na baada ya hapo kupinduka ni dakika chache. Ikitokea, kaeni na chombo. Gogo linaelea. Pwani inayoonekana karibu haiogeleki.

Kugeuza ndiko kunakowashinda wengi. Ngalawa haigeuzwi kwa kupitisha omo kwenye upepo kama boti ya faiba. Unaondoka kwenye upepo mpaka uwe nyuma yako, foromali linasimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, kisha unarudi kuukabili upepo. Watu watatu: mmoja usukani, mmoja demani, mmoja foromali. Kwa watu wawili inawezekana kukiwa shwari. Katika kusi ya alasiri watu wawili watatua tanga kwanza, wageuze kwa makafi, watweke tena. Si aibu.

Baada ya hapo ndipo matembezi. Ndani ya ghuba panatosha kwa msimu mzima wa kwanza. Toten ina magofu ya misikiti na makaburi, na ni karibu kiasi kwamba hata upepo ukifa mnapiga makafi hadi nyumbani. Ulenge, mdomoni mwa ghuba, inataka siku nzima. Jambe, mbele ya Mwambani, ndiyo shule nzuri wakati wa kusi kwa sababu kwenda ni kupanda na kurudi ni kuteremka: mkichoka njiani, geuzeni tu na upepo utawaleta. Mtego ni kinyume chake. Kusi ikivuma, safari ya Moa na Kwale ni tamu kupita kiasi, upepo nyuma na mkondo wa pwani hii nao ukielekea kaskazini, na kufikia mchana mko mbali mno na kila kitu cha kurudi kiko dhidi yenu. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unageuka, na safari za kaskazini ndizo zinazofaa.

Maji nayo yana hesabu yake. Kuanzia kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo, lakini hayapandi sawasawa. Gawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, saa ya tatu na ya nne kila moja inapandisha sentimita 90. Aliyeiacha ngalawa mchangani na nanga mkononi mwa mtoto akaenda kutazama magofu, atakuta inaelea peke yake. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya Jumamosi iliyopita haifai Jumamosi hii.

Maziwe, lile fungu la mchanga mbele ya Pangani, kila mwenye chombo kipya hulitamani. Liendeeni mkitokea Ushongo, si Tanga mjini. Ni hifadhi tangu 1975, ada zinalipwa, na ofisi ya hifadhi iulizwe kabla ya safari. Zamani palikuwa na miti ya mivinje. Leo hakuna kivuli hata kidogo, na siku za bamvua maji yakijaa mchanga wote huzama, kwa hiyo hema halipigwi pale. Fikeni maji yakipwa, ondokeni yakianza kurudi. Nanga itupwe kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Tanga nako, kuanzia mwaka 2009, sehemu kubwa ya bahari inayoelekea kusini mwa mji, Jambe ikiwamo, ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na masharti yake yanamhusu hata mvuvi wa mshipi wa Jumapili.

Bandari nayo imebadilika. Kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli kubwa sasa zinafunga gatini, ambapo zamani zilitia nanga nje. Meli haiwezi kukukwepa ndani ya mkondo wake. Vuka kwa pembe ya mraba, haraka, au subiri ipite. Kaa mbali na eneo la mafuta la Chongoleani. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe jioni kabla na asubuhi yenyewe, hata anga likiwa safi: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliwakumbusha watu wa pwani hii kwamba vimbunga vinaweza kufika huku pia.

Kwa aliyeko Bagamoyo mengi ni yaleyale, isipokuwa pwani yake iko wazi zaidi kwa upepo na maji yakipwa hurudi mbali sana. Unaondoka na maji au unasubiri saa kadhaa. Unguja iko kama kilomita 40, na siku za anga safi inavutia. Mwaka wa kwanza itazameni tu.

Matunzo hayana siri. Kila bamvua la pili, yaani kama mara moja kwa mwezi, ngalawa inapandishwa, inakwanguliwa chaza na majani, tumbo linapitishiwa moto wa makuti wa haraka, mti upate joto bila kuungua, wadudu walio ndani wafe, kisha deheni mpya. Ukiruka miezi miwili mitatu kwa sababu kazi zimekubana, utalipa gogo. Maji ya mvua yafuliwe siku hiyohiyo. Masika ikianza, Machi hadi Mei, kipandishe chombo juu ya mstari wa bamvua, kiwekwe juu ya magogo kisiguse mchanga, nguruzi itolewe maji yajitokee, omo iinuliwe kidogo, juu kifunikwe makuti yanayopitisha hewa badala ya turubai linalofungia joto na unyevu. Mlingoti ulazwe. Tanga lioshwe kwa maji baridi, likauke kivulini, lipelekwe nyumbani na usukani wake, na mlinzi wa diko alipwe miezi hiyo kama mingine.